Shangazi, ugoko unauma, na Jumapili ndiyo siku pekee ya mume wangu

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mhasibu, miaka 37, naishi Mbezi hapa Dar es Salaam na watoto wawili, wa miaka 9 na 4, pamoja na mama mkwe. Mume wangu yuko Dodoma kikazi. Wiki nyingi hufika Jumamosi usiku kwa treni ya SGR na kuondoka Jumapili jioni.

Mdogo alipotimiza mwaka, presha yangu ilikuwa juu na nilikuwa nakata pumzi nikipanda ngazi za ofisini. Shoga yangu wa Kimara akanijia alfajiri, akagonga mlango, akanipeleka kwenye klabu yao ya jogingi. Mwezi mzima alikuwa anasimama kunisubiri kila nilipoishiwa pumzi. Leo presha imetulia, na nimeshakimbia kilomita 21 mara nne. Muda wangu bora ni saa 2 na dakika 20, hapa hapa Dar.

Mwaka huu tumeahidiana kukimbia kilomita 42 pamoja Moshi, kwenye Kilimanjaro Marathon. Tumeshalipia usajili na chumba. Zimebaki wiki saba. Ratiba tulipewa na kijana mmoja wa klabu ambaye hukimbia 42 kwa saa 3 na dakika 20. Wiki yangu iko hivi: Jumatatu napumzika. Jumanne kilomita 8 za kawaida, mwendo wa dakika 6 na sekunde 20 kwa kilomita. Jumatano spidi, mita 400 mara kumi, jumla kilomita 9. Alhamisi 8 tena. Ijumaa napumzika. Jumamosi 12 na klabu, na pale hakuna anayekubali kuachwa. Jumapili mbio ndefu. Mbili zilizopita zilikuwa kilomita 30 kila moja, mwendo wa dakika 7 kwa kilomita. Jumla 67. Mwishoni mwa Novemba nilikuwa nakimbia 38 kwa wiki.

Mbio ndefu tumeziweka Jumapili kwa sababu shoga yangu anafungua duka Jumamosi saa mbili asubuhi. Natoka saa kumi na nusu alfajiri bila kula, tunashika Barabara ya Morogoro kuelekea Kibaha na kurudi, tukiwa upande wa kulia ili tuone magari yanayokuja. Nafika nyumbani saa tatu, naoga, nalala kama gogo. Jumapili iliyopita mume wangu alinipikia uji wa ulezi, akaumwaga kwenye bakuli na kuufunika kwa sahani. Nilipoamka saa nane mchana ulikuwa umeganda juu. Hakusema kitu mpaka anafunga begi lake, ndipo akasema, “Mimi sikuja kumwona mama yangu tu.” Mama mkwe naye anasema mke wa mtu hatembei barabarani usiku na kaptula.

Sasa jambo ambalo sijamwambia mtu. Tangu ile kilomita 30 ya kwanza, ugoko wa mguu wa kushoto unauma upande wa ndani, theluthi ya chini. Mwanzoni uliuma kwa kutandaa, sasa kuna sehemu moja naweza kuifunika kwa kidole gumba. Alhamisi iliyopita uliniamsha usiku. Jumapili nilimeza kidonge cha diklofenaki kabla ya kutoka, nikamaliza. Shoga yangu aliponiona nachechemea nilimwambia ni raba. Si uongo wote, maana raba zenyewe nilizinunua mtumba Karume, zina mwaka na nusu.

Nikishuka kwenda 21 nitakuwa nimemwacha mtu ambaye hakuniacha. Nikiendelea na 42, sijui nitabaki na mguu gani na nyumba gani. Nifanye nini?

Mkimbiaji wa Alfajiri, Mbezi

*

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara mbili. Unauliza 42 au 21, lakini maneno yako mengi yanaihusu Jumapili. Una siku moja ambayo watu wawili unaowapenda wanaihitaji, na mguu umeanza kudai kabla hujaamua. Nitaanza na mguu, maana wenyewe una saa yake na hausubiri mazungumzo.

Maumivu ya ugoko kwa wakimbiaji ni ya namna mbili zinazofanana mwanzoni. Ya kwanza hutandaa kwenye ukingo wa ndani wa mfupa, urefu wa vidole vinne au zaidi. Huuma ukianza, hulegea ukipata joto, kisha hurudi ukishapoa. Hapo utando wa mfupa na misuli inayoushika vimechoshwa, na ukipunguza kilomita mapema hupona. Ya pili hukaa mahali padogo kama sarafu, hukushtua ukibonyeza, huuma hata ukitembea na huweza kukuamsha usiku. Hiyo hutia shaka kwamba mfupa wenyewe umeanza kupata ufa mdogo. Mfupa hujijenga upya baada ya kila mzigo. Mzigo ukiongezeka haraka kuliko ujenzi, hushindwa. Wewe umeandika kwamba maumivu yaliyotandaa sasa yanafunikwa kwa kidole gumba, na kwamba yamekuamsha. Sikupimi kwa barua, lakini dalili hizo mbili zinatosha kukusimamisha kukimbia mpaka daktari wa mifupa au mtaalamu wa fiziotherapia auone mguu. Usijijaribu kwa kurukaruka kwa mguu mmoja sebuleni, kama baadhi ya watu watakavyokushauri.

Ukienda, mweleze yote kama ulivyonieleza mimi: 38 hadi 67 ndani ya wiki tano, mahali penyewe, na usiku ule. Eksirei katika wiki za mwanzo inaweza kutoka safi ilhali ufa upo, hivyo muulize kama kipimo cha MRI kinahitajika. Mweleze pia mambo mawili ambayo hukuniandikia. Je, hedhi inakuja kama kawaida, au imeanza kuruka miezi? Na je, unakula kiasi gani? Unakimbia saa tatu na nusu tumbo tupu, kisha unalala saa tano bila kula. Mwili usiopata chakula cha kutosha hupunguza ujenzi wa mifupa, na kwa mwanamke hedhi huwa moja ya dalili za mwanzo. Kwa hiyo ule uji uliofunikwa kwa sahani mguu wako ulikuwa unauhitaji kwelikweli.

Diklofenaki niitaje waziwazi. Hainyamazishi maumivu peke yake. Inanyamazisha pia onyo. Ukiwa umepungukiwa maji kwa jasho la Dar la mwezi Januari, dawa za jamii hiyo huyapa mafigo kazi ngumu, na huweza kupandisha presha. Wewe uliingia kwenye mbio kwa sababu ya presha, mwanangu. Kama bado una vidonge, mwoneshe daktari na umweleze ulivyovitumia. Na kabla ya hapo pima presha. Mashine ziko hata kwenye maduka mengi ya dawa.

Sasa tuitazame hiyo wiki, maana nadhani unaiona ni sheria wakati ni nguo iliyoshonwa kwa kipimo cha mtu mwingine.

Kijana wa saa 3 na dakika 20 akikimbia kilomita 30 kwa mwendo wa dakika 5 na sekunde 15, anamaliza kwa saa 2 na dakika 40 hivi. Wewe kwa dakika 7 unatumia saa 3 na nusu. Karatasi inasema kilomita zilezile. Miguu yako imepokea karibu saa nzima zaidi ya kukanyaga lami, tena saa ya mwisho ambayo misuli ya vigimbi imeshachoka na mfupa ndio unaobeba. Mbio hiyo moja ni asilimia 45 ya wiki yako nzima. Walimu wengi wa mbio huiweka kwenye theluthi moja hivi, na kwa mkimbiaji wa kasi yako huihesabu kwa saa: saa tatu, basi, hata kama kilomita ni 23 tu.

Halafu kuna hizo “kilomita 8 za kawaida.” Saa 2 na dakika 20 kwa kilomita 21 ni mwendo wa dakika 6 na sekunde 38 kwa kilomita. Jumanne yako ya kawaida ni dakika 6 na sekunde 20. Yaani unaenda kasi kuliko siku ya mashindano, kisha Jumatano unaongeza spidi, Jumamosi unashindana na klabu, Jumapili unakwenda mbali. Katika siku tano hakuna hata moja nyepesi. Siku nyepesi kwako ni dakika 7 na nusu hadi 8 kwa kilomita, mwendo ambao ungeweza kumsimulia shoga yako habari ya kikao cha ofisini bila kukatika sentensi. Watu huuonea aibu mwendo huo, hasa wakipitwa. Lakini ndio unaojenga pumzi ya 42 na kuacha mifupa ipumue.

Hata barabara ina mkono wake. Kukimbia mkiyatazama magari ni sahihi kwa usalama, usiache. Ila kingo za lami huinamia nje ili maji ya mvua yatiririke, na ukiwa upande wa kulia siku zote, mguu wa kushoto ndio ulio juu na huelekea kulalia ndani kila unapokanyaga. Inawezekana ni sehemu ya sababu iliyoufanya ugoko huo uume na si mwenzake. Njia iliyo tambarare, au uwanja wa vumbi kwa siku mojamoja, hugawa mzigo. Na hizo raba za Karume, ziweke mezani uzitazame kwa nyuma. Kama kisigino kimelala upande mmoja, au soli ukiibonyeza kwa kidole inakaa ngumu isiyorudi, zimekwisha. Raba nyingi za kukimbilia hudumu kati ya kilomita 500 na 800, na zako hujui zilikuja na kilomita ngapi za mwenzio wa kwanza.

Nimekaa sana kwenye mazoezi kwa sababu moja: unaogopa kuchagua kati ya watu, wakati huenda linaloumiza ni ratiba, na ratiba inaweza kubadilishwa bila kumwacha mtu yeyote.

Chukua mume wako. Hukuandika kwamba amekukataza kukimbia. Alikupikia uji, akaufunika usiingie vumbi, akasubiri. Maneno yake ya kwenye begi naweza kuyasikia kama lawama, naweza pia kuyasikia kama mtu aliyesafiri akamkosa aliyemfuata. Wewe uliyasikiaje? Na yeye akijua kwamba umekuwa ukichechemea kimyakimya, atasema nini? Yawezekana atakasirika. Lakini kwa sasa anadhani unachagua barabara badala yake, na hajui kwamba barabara nayo inakuumiza.

Shoga yako vilevile umeshamjibia. Umesema utakuwa umemwacha. Mtu aliyesimama mwezi mzima akikusubiri upate pumzi, tunajuaje kwamba hatasimama mara nyingine? Anaweza kuumia, sikufichi. 42 ya kwanza peke yako si jambo dogo, na huenda amejiandaa akikutegemea. Ndiyo maana akijua leo ana wiki saba za kujipanga, kutafuta mwenza klabuni, kuzoea mbio ndefu bila wewe. Akijua wiki ya mwisho hatakuwa na chochote. Ule uongo wa raba ni mdogo, lakini kila Jumapili utahitaji mwingine.

Tuseme daktari ameona ni utando tu, akakuruhusu kurudi baada ya wiki mbili za kupumzika. Zinabaki tano, na mbili za mwisho ni za kupunguza mazoezi ili miguu ifike Moshi ikiwa mibichi. Una nafasi ya mbio ndefu tatu, tuseme 16, 20 na 24, wiki ikiwa na siku nne tu za kukimbia na bila mita 400 za Jumatano. Pamoja na hizo, nyanyua visigino ukiwa ukingoni mwa ngazi, mara 15 kwa seti tatu, kwanza miguu yote miwili, baadaye mmoja mmoja. Kigimbi chenye nguvu huusaidia ugoko. Inawezekana kumaliza 42 hivyo, kwa kukimbia dakika tisa na kutembea moja tangu mwanzo, na kula kitu kila nusu saa, ndizi mbivu nusu au tende mbili, badala ya kungoja njaa. Hatari yake unaijua ukiijua njia. Nusu ya kwanza ni ya barabara kuu ya kuelekea Dar es Salaam na kurudi, haina makali. Kilima cha Mweka kinakuja nusu ya pili, miguu ikiwa imeshatumika, na mji wenyewe uko zaidi ya mita 800 juu ya bahari. Wengi huogopa kupanda, ila kwa ugoko wako mimi ningeogopa zaidi kushuka, maana kila hatua ya kuteremka ni breki, na breki hiyo inapigwa kwenye mfupa.

21 nayo usiione kama kitanda cha wagonjwa. Inapanda Mweka vilevile. Inapunguza saa za kukanyaga kwa nusu na inakupa Jumapili fupi kuanzia sasa, lakini kwa mguu wenye ufa haisaidii kitu. Kubadilisha usajili si haki yako moja kwa moja; inategemea waandaaji, kwa hiyo waulize wiki hii kabla namba hazijapangwa. Na jiulize ukweli kama utakimbia ukifurahi, au utavuka mstari ukimtafuta shoga yako kwa macho na kujilaumu. Kuna wanaoshuka umbali wakapata amani, na kuna wanaobeba kinyongo mwaka mzima.

Ikiwa ni ufa, mjadala wa umbali utakuwa umejifunga wenyewe kwa mwaka huu, kwa sababu mara nyingi mfupa huhitaji wiki sita hadi nane bila kukimbia. Hapo hofu yangu ni presha yako. Usirudi kukaa. Muulize daktari lini unaweza kuendesha baiskeli au kutembea kwa kasi ndani ya maji yanayofika kifuani. Moyo hautofautishi sana, na mguu haubebi uzito. Chumba cha Moshi mmeshakilipia. Kuna watu wanaokwenda kusimama njiani na chupa ya maji na sauti, na mtu wa kilomita ya 35 anaijua thamani yao.

Mbio ndefu kuhamia Jumamosi ungeweza kuwaza, ikiwa utarudi kukimbia. Klabu ingekukosa kwenye zile 12, ambazo kwa kweli zinakuchosha kuliko kukujenga. Shoga yako asingeweza kuja, na kutoka peke yako kwenye giza la saa kumi na nusu siwezi kukushauri. Ingebidi kusubiri kupambazuke au kupata wenzako wawili. Wewe na shoga yako mngebaki na Alhamisi, labda milima ya Chuo Kikuu, ambayo ingewaandaa kwa Mweka. Mume angefika usiku akakuta mke aliyechoka lakini aliyeshalala mchana. Au Jumapili mojamoja unampa shoga yako, nyingine unampa mumeo, na wote wawili wanaijua kalenda. Hayo ni ya kuzungumza nao, si ya kuamua peke yako ukiwa kitandani.

Mama mkwe nimemwacha mwisho makusudi. Maneno yake yanachoma, lakini unapotoka saa kumi na nusu, watoto wanaamka mikononi mwa nani? Mshukuru kwa hilo kwanza. Suala la kaptula linaweza kumalizwa na suruali nyepesi ndefu na kizibao chenye mistari inayong’aa, ambacho kwa usalama wako unakihitaji hata asingesema.

Jumatatu piga simu kliniki. Kabla ya hapo, Jumamosi usiku mumeo akishavua viatu, mwoneshe pale pa kidole gumba. Chukua kalamu uchore duara, ili naye apaone na daktari apakute. Na Jumapili, kwa kuwa mguu utakuwa bado haujapimwa, lala mpaka kuche. Akipika uji, unywe ukiwa wa moto, kisha uniandikie alichosema.

Shangazi